Asilimia ya Nini? Uchambuzi wa Maswali Yanayouliza Kama Taarifa Inatosha

Uhuru Kenyatta alipata asilimia ngapi ya kura katika uchaguzi wa urais wa Kenya wa Machi 2013? Tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza 50.07. Ukizichukua kura zake hizohizo 6,173,433 ukazigawa kwa kura halali peke yake, unapata 50.51. Hakuna kura iliyoongezwa wala kupunguzwa kati ya jibu la kwanza na la pili. Kilichobadilika ni namba ya kugawia. Tume ilikuwa imejumuisha kura 108,975 zilizokataliwa, hivyo ikagawa kwa 12,330,028. Ukiziondoa hizo, zinabaki 12,221,053. Na tofauti hiyo haikuwa ya mzaha. Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Kwa hesabu ya kwanza Kenyatta aliivuka nusu kwa kura 8,419 tu. Kwa hesabu ya pili aliivuka kwa zaidi ya kura 62,000. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa tarehe 30 Machi 2013, ilisema kura zilizokataliwa zisiingizwe katika hesabu hiyo.

Kugawanya namba mbili ni kazi ya mtoto wa shule ya msingi. Kilichowapeleka mawakili mahakamani ni swali jingine: je, tunayoyajua yanatosha kutoa jibu moja, na moja tu? Mtu akisema "asilimia hamsini" bila kusema ya nini, bado hajasema kitu.

Upo mtihani unaouliza swali la namna hiyo waziwazi. GMAT, unaotumiwa na vyuo vingi vya biashara duniani kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili, ulianza mwaka 1954, na kwa miongo mingi umekuwa na maswali ya utoshelevu wa data. Mtahiniwa husoma swali, kisha anapewa kauli mbili, ya (1) na ya (2). Haombwi jibu la swali. Anaombwa aseme kama kauli hizo zinatosha kulipata. Machaguo ni matano na hayabadiliki: A, kauli ya kwanza inatosha peke yake na ya pili haitoshi, B, kinyume chake, C, hakuna inayotosha peke yake ila zikiunganishwa zinatosha, D, kila moja inatosha peke yake, E, hata zikiunganishwa hazitoshi. Zamani maswali haya yalikaa katika sehemu ya hesabu, ambako kikokotoo hakiruhusiwi. Katika toleo lililoanza Novemba 2023 yamehamishiwa sehemu ya uchambuzi wa data, yenye maswali 20 ya aina mbalimbali kwa dakika 45, na huko kikokotoo kipo kwenye skrini. Sioni kama kinasaidia sana. Anayekimbilia kukokotoa katika maswali haya kwa kawaida ameshapotea njia, na mashine inamzidishia tu mwendo.

Watunzi wa mtihani huu wanapenda sana kutega kwenye uwiano na asilimia, na sababu yake ni nyepesi kueleza kuliko kuikumbuka saa inapokimbia. Uwiano ni ramani isiyo na kipimo: unaonyesha umbo lote la nchi, lakini hauwezi kukwambia kama kutoka mji huu hadi ule ni kilomita tano au mia tano. Maswali mengi ya aina hii yanauliza ama umbo ama ukubwa, halafu yanakupa kauli moja ya umbo na nyingine ya ukubwa na kukuacha uchague.

Tuanze na jepesi. Katika chama cha kuweka akiba, uwiano wa wanaume kwa wanawake ni 3:5. Wanawake ni wangapi? (1) Wanawake wamewazidi wanaume kwa watu 14. (2) Asilimia 62.5 ya wanachama ni wanawake.

Kauli ya kwanza inamaliza kazi. Sehemu tano ukitoa sehemu tatu zinabaki mbili, mbili hizo ni watu 14, basi sehemu moja ni watu 7. Jibu lipo, na katika mtihani wenyewe huna haja hata ya kulitamka kwamba ni 35. Kauli ya pili inavutia kwa sababu inaleta namba mpya yenye nukta, lakini 62.5 kwa mia ni 5/8, na 5/8 ndiyo sehemu ya wanawake katika 3:5. Habari ni ileile, imebadilishiwa nguo. Jibu ni A. Hapohapo wengi hunaswa na jambo dogo: wanausoma uwiano wa 3:5 kana kwamba wanaume ni tatu ya tano ya chama. La. Ni tatu ya tano ya wanawake; katika chama kizima wao ni tatu ya nane.

Sasa tulete mabadiliko. Mfugaji ana kuku na bata kwa uwiano wa 5:2. Ana bata wangapi? (1) Akiuza nusu ya kuku wake, uwiano wa kuku kwa bata utakuwa 5:4. (2) Akinunua bata 10 zaidi, uwiano utakuwa 5:3.

Ukiisoma kauli ya kwanza haraka utaona kama imekupa uwiano mpya, na kwamba uwiano wa zamani na mpya kwa pamoja lazima vizae idadi. Havizai. Kuku wawe 10 au 5,000, ukiuza nusu yao uwiano utakuwa 5:4 tu, kwa sababu nusu nayo ni uwiano. Umbo likizidishwa kwa umbo linazaa umbo. Kauli ya pili ina kitu cha kuhesabika: kuku hawakuguswa, bata wametoka sehemu mbili hadi tatu, na sehemu hiyo iliyoongezeka ni bata 10. Basi bata walikuwa 20. Jibu ni B. Kanuni inayotoka hapa naiona kuwa na manufaa kuliko zote katika mada hii: ongezeko au punguzo linalotajwa kwa asilimia, kwa sehemu au kwa "mara ngapi" halifichui ukubwa, linalotajwa kwa vichwa, kilo au shilingi hufichua, mradi limefungamana na uwiano ulioulizwa. Angekwambia mfugaji huyo ana mbuzi 12, ungekuwa na namba kamili mkononi na usiwe na pa kuifunga.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ndio unaowaumiza watahiniwa wazuri. Swali lenyewe likiuliza asilimia, vichwa na kilo huwa chambo.

Mkulima ana mashamba mawili. Mwaka huu mavuno ya shamba la mtoni yameongezeka kwa asilimia 10, na ya shamba la mlimani kwa asilimia 30. Mavuno yake yote yameongezeka kwa asilimia ngapi? (1) Mwaka jana shamba la mtoni lilitoa magunia mara mbili ya shamba la mlimani. (2) Mwaka jana shamba la mlimani lilitoa magunia 40.

Anayechagua C ana hesabu safi kabisa. Mlimani 40, mtoni 80, jumla 120. Mwaka huu 52 na 88, jumla 140. Ongezeko ni 20 juu ya 120, yaani asilimia 16.67 hivi. Lakini magunia 40 hayakuhitajika. Weka 1 na 2 badala ya 40 na 80: jumla ni 3, mwaka huu ni 3.5, ongezeko ni lilelile. Kauli ya kwanza inatosha peke yake, na jibu ni A. C ni mtego wa anayejua kukokotoa vizuri na hajajiuliza kama alihitaji kukokotoa. Kila unapoona kauli mbili zinaungana kirahisi mno, rudi uitazame ya kwanza peke yake, kisha ya pili peke yake.

Shamba hili lina utajiri zaidi, tukae nalo kidogo. Asilimia ya jumla lazima iangukie kati ya 10 na 30, nayo huvutwa na shamba lililokuwa na mavuno makubwa zaidi mwaka jana; itakuwa 20 kamili pale tu mashamba yalipokuwa sawa. Sasa badilisha swali: je, mavuno yote yameongezeka kwa zaidi ya asilimia 20? Huhitaji tena "mara mbili". Ukiambiwa tu kwamba mwaka jana mtoni kulitoa mengi kuliko mlimani, jibu ni hapana, na hapana ya uhakika inatosheleza sawasawa na ndiyo ya uhakika. (Watu hupoteza alama hapa: wanaona jibu ni hapana, wanadhani maana yake ni "haitoshi".) Je, ukiambiwa kwamba mwaka huu mtoni kumetoa mengi kuliko mlimani? Bado inatosha. Mtoni kumekua kidogo, mlimani kumekua sana; kama baada ya hayo mtoni bado kunaongoza, basi mwaka jana kuliongoza kwa uwiano mkubwa zaidi. Lakini geuza kauli: mwaka huu mlimani kumetoa mengi. Hapo uhakika unayeyuka. Kama mwaka jana ilikuwa 100 mtoni na 90 mlimani, mwaka huu ni 110 na 117, na ongezeko lote ni chini kidogo ya 20. Kama ilikuwa 100 na 110, mwaka huu ni 110 na 143, na ongezeko limepita 20. Kauli moja, majibu mawili: haitoshi. Mtahiniwa anayeweza kueleza kwa nini "mtoni mwaka huu" inatosha na "mlimani mwaka huu" haitoshi, bila kushika kalamu, ameshaielewa asilimia ya jumla kuliko wengi wanaoiandika magazetini.

Shuleni tulifundishwa kwamba visivyojulikana viwili vinadai milinganyo miwili. Kanuni hiyo inafaa unapotafuta thamani ya kila kimoja. Unapotafuta uwiano wao, inakudanganya. Bei ya kilo ya arabika ni mara ngapi ya bei ya kilo ya robusta? (1) Kilo 3 za arabika na 2 za robusta zina gharama sawa na kilo 1 ya arabika na 6 za robusta. (2) Kilo 3 za arabika na 2 za robusta zinagharimu shilingi 40,000. Kauli zote mbili ni mlinganyo mmoja mmoja. Katika ya kwanza, ondoa arabika 1 na robusta 2 pande zote mbili: arabika 2 zinalingana na robusta 4, basi arabika ni mara mbili ya robusta. Imetosha. Katika ya pili kuna 40,000 imesimama peke yake bila bei yoyote kuandamana nayo, na hiyo ndiyo inayozuia: arabika inaweza kuwa 10,000 na robusta 5,000, au 12,000 na 2,000. Jibu ni A. Alama ya kutazama ni hiyo. Kama kila kipande cha mlinganyo kimebeba mojawapo ya visivyojulikana, na vyote viko katika kipeo cha kwanza, uwiano hutoka kwa mlinganyo mmoja. Na kama kauli ya pili ingesema kwamba arabika ni ghali kuliko robusta kwa asilimia 100, ingekuwa imesema "mara mbili" kwa njia nyingine, na jibu lingekuwa D.

Asilimia zinazofuatana nazo zina mtego wake. Muuza vitenge amepandisha bei kwa asilimia x, kisha akaipunguza bei hiyo mpya kwa asilimia y, na zote mbili ni zaidi ya sifuri na chini ya 100. Je, bei ya mwisho iko chini ya ile ya mwanzo? (1) x ni sawa na y. (2) Kabla ya punguzo bei ilikuwa shilingi 24,000, na punguzo lilikuwa shilingi 5,000. Kauli ya kwanza haina namba hata moja na inatosha, kwa sababu punguzo linakatwa kwenye bei kubwa kuliko ile iliyoongezewa. Asilimia 20 ya 20,000 ni 4,000. Asilimia 20 ya 24,000 ni 4,800. Kauli ya pili imejaa fedha na haitoshi, maana haisemi bei ilianzia wapi: ikiwa ni 20,000, mnunuzi amepata nafuu kwa kulipa 19,000; ikiwa ni 18,000, amepandishiwa. Ni kosa la jamii hiyohiyo linalofanywa na anayetaka kutoa kodi ya VAT ndani ya bei. Kenya kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Risiti ya shilingi 11,600 ina kodi ya 1,600, kwa kuwa kodi ilihesabiwa juu ya 10,000. Anayepiga asilimia 16 ya 11,600 anapata 1,856 na kulalamika kuwa ameibiwa.

Nimesema asilimia peke yake haifichui ukubwa. Watunzi wanaijua kanuni hiyo vizuri, na wanajua pa kuivunjia. Asilimia 37.5 kamili ya wanafunzi wa darasa moja huvaa miwani. Darasa lina wanafunzi wangapi? (1) Wanafunzi wamezidi 40 lakini hawafiki 60. (2) Theluthi moja kamili ya wanafunzi wanaishi bwenini. Hapa hakuna idadi ya mtu yeyote iliyotajwa, ila mipaka tu, na silika inakwambia E. Lakini wanafunzi hawakatwi vipande. 37.5 kwa mia ni 3/8, basi idadi yao ni kigawe cha 8. Kati ya 40 na 60 vigawe hivyo ni 48 na 56. Kauli ya pili inadai kigawe cha 3 pia, na inayobaki ni 48 peke yake. Jibu ni C. Lingekuwa swali la lita za maziwa, E ingekuwa sahihi. Kwa hiyo unapokuta watu, viti au mayai pamoja na asilimia, geuza asilimia iwe sehemu iliyorahisishwa kabla ya kuamua lolote.

Kuhusu njia ya kufanyia kazi, sina mengi. Soma swali ujue linataka umbo au ukubwa. Isome kauli ya pili kana kwamba ya kwanza haipo, jambo gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu akili haisahau kwa kuamriwa. Halafu jaribu kuibomoa kauli: tafuta hali mbili zinazokubaliana nayo lakini zinazotoa majibu tofauti. Ukizipata, haitoshi. Usipozipata upesi, tafuta sababu ya kutozipata, kwa maana kutozipata peke yake si ushahidi. Wengi hupenda kuweka 100 kwa kila kitu kwenye asilimia, na ni desturi nzuri swali linapokuwa na msingi mmoja. Penye mashamba mawili, kuweka 100 na 100 ni kujitengenezea usawa ambao hukuambiwa upo. Na kauli mbili za mtihani huu hazipingani kamwe. Ya kwanza ikikupa 35 na ya pili 40, umekosea mahali.

Kitu kimoja mtihani unakupa ambacho magazeti hayakupi: asilimia zake ni kamili. Za magazetini zimekadiriwa. Tarehe 15 Agosti 2022 IEBC ilimtangaza William Ruto mshindi kwa asilimia 50.49, Raila Odinga akiwa na 48.85, George Wajackoyah 0.44 na David Waihiga 0.23. Kesho yake makamishna wanne wa tume waliojitenga na matokeo hayo walisema asilimia hizo zinajumlika kuwa 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni kura kama 142,000. Kosa la kuzidisha liko wazi: kura halali zilikuwa kama milioni 14.2, na asilimia 0.01 yake ni kura 1,421 hivi. Kura 142,000 ni asilimia 1.

Hata ukilirekebisha hilo, hoja yenyewe ni swali la utoshelevu. Je, kuna kura zilizozidi? (1) Asilimia zilizotangazwa zinajumlika kuwa 100.01. (2) Kura halali ni kama milioni 14.2. Kila asilimia iliyokadiriwa hadi nafasi mbili za desimali inaweza kuwa imepanda au kushuka kwa hadi 0.005, na asilimia nne zinaweza kuficha hadi 0.02. Jumla ya 100.01 inawezekana pasipo kura hata moja ya ziada, na inawezekana pia zikiwepo. Jibu ni E. Kilichohitajika ni kura zenyewe, nazo zilikuwa zimetangazwa siku hiyohiyo: 7,176,141 za Ruto, 6,942,930 za Odinga, 61,969 za Wajackoyah na 31,987 za Waihiga, jumla 14,213,027. Zigawe hadi nafasi tatu za desimali: 50.490, 48.849, 0.436 na 0.225. Jumla ni 100.000. Katika kukadiria, Odinga alipandishwa 0.001, Wajackoyah 0.004 na Waihiga 0.005, na hapo ndipo ilipotoka ile 0.01 yote. Ruto, ambaye ushindi wake ndio uliokuwa ukibishaniwa, hakuongezewa kitu.